Kompyuta Zote za Chumba

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umeanza na mvua imeanza, vyote siku moja, na vyote vimenikuta bila mwavuli. Mkuu wa idara amenipa somo la Maadili na Wajibu wa Kijamii katika Kompyuta, mwaka wa mwisho. Mimi, ambaye miaka yote hii nimefundisha watu kuandika programu! Nikamuuliza kwa nini mimi. Akatabasamu. "Mwalimu, wewe ndiye mtu makini kuliko wote hapa." Huyu mtu hajanisifu tangu nimjue. Kuna kitu anakitafuta.

Nimemsimulia mume wangu alipotoka kwenye kazi yake ya kutengeneza majokofu mabovu ya watu. Akacheka. "Inspekta, labda amekusifu tu." Ananiita Inspekta tangu tulipooana.

Jumanne, 4 Machi

Kipindi cha kwanza, maabara ya tatu, ghorofa ya pili. Dari linavuja, pamewekwa ndoo, na ndoo inanisaidia kufundisha: ti, ti, ti. Nusu ya darasa wanachezea simu chini ya meza wakidhani sioni.

Nimewaandikia ubaoni maswali manne ya kuuliza kila wanapotengeneza kitu chochote. Nani anaangaliwa? Je, anajua? Nani anafaidika? Akionewa, atamlalamikia nani? Nikawaambia mtihani utatoka humo, kwa hiyo wayameze mazima.

Msichana mmoja wa safu ya nyuma, miwani yake imefungwa uzi mguuni, akanyoosha mkono. Sauti yenyewe ya kuomba radhi. "Samahani, Mwalimu. Na mwalimu naye anaulizwa maswali hayo?"

"Mwalimu ndiye anayeuliza," nikasema.

Darasa likaangua kicheko. Na yeye akacheka, kwa adabu zake zote. Upole wa namna ile mimi siuamini hata kidogo. Nimempa jina: Mpole.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Sukari imepungua tena.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike vizuri hili la sukari. Mama mkwe anaishi nasi, na daktari amemkataza sukari kabisa. Kila nikimuuliza mume wangu, anasema mama haigusi. Sawa. Leo wote walipokuwa sebuleni nimechora mstari mwembamba wa penseli kwenye lebo ya chupa, pale pale sukari ilipofika. Tutaona.

Jumanne, 11 Machi

Mpole anaandika muda wote. Nikifundisha anaandika, nikitulia anaandika, nikipiga chafya nasikia vitufe vinalia. Nani huandika chafya? Baada ya kipindi nimemwona akitoka ofisini kwa mkuu wa idara na karatasi mkononi. Nimejitia kusoma tangazo ukutani. Tangazo lenyewe la mwaka juzi.

Ijumaa, 14 Machi

Insha zimekuja. Zimenyooka mno. Vijana ambao muhula uliopita walishindwa kuandika barua ya kuomba ruhusa ya msiba, leo wanaandika kama majaji! Wameandikiwa na mashine, sina shaka. Ila sina ushahidi, na nikiwauliza wataniruka kimanga.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepata dawa yao. Zamani nilipokuwa nafundisha wanaoanza, niliandika programu ndogo nikaiita Msaidizi. Kila baada ya dakika inapiga picha ya skrini ya kila kompyuta na kuiweka kwenye folda, ili nione nani amekwama nimsogelee bila kumwaibisha. Enzi zile niliwatangazia darasani, wakafurahi.

Safari hii sitangazi. Nikitangaza watakaa kama wako msikitini au kanisani, na mimi nataka kuwaona walivyo. Nimekwenda maabara mapema nikaiwasha. Ikauliza iangalie kompyuta zipi. Nikaandika: kompyuta zote za chumba. Ikakubali bila neno. Nimetoka humo mwepesi, hata ngazi sikuzihisi.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimefundisha faragha. Niliwaambia: ukihifadhi kitu cha mtu, la kwanza jiulize, nani mwingine anaweza kukifungua? Niliwaambia kwa ukali, nikagonga meza. Kilikuwa kipindi kizuri, nisipojisifu mwenyewe nani atanisifu.

Baadaye nilifunga mlango wa ofisi nikatazama picha. Mmoja anaangalia mpira. Mmoja anaomba kazi, na barua ya kazi ina makosa hata ya anwani. Wawili wanachati wao kwa wao na wamekaa bega kwa bega. Mpole ameandika kila neno langu, pamoja na ule mzaha wangu kuhusu ndoo. Wa kuninakilia mizaha ananipeleka wapi?

Jumanne, 25 Machi

Mpole: ameandika tena kila kitu. Sukari: chini ya mstari, upana wa kidole.

Jumanne, 1 Aprili

Mkuu wa idara amenisimamisha kwenye korido. Anasema chuo kinafikiria kuliondoa somo langu na kuweka semina ya siku moja, yenye chai. "Wanafunzi wanalionaje, Mwalimu?" Anauliza nini wakati ana mtu wake safu ya nyuma anayemwandikia kila kitu? Nikamwambia wanalipenda sana. Nilikuwa namtazama usoni, na hakupepesa.

Ajabu ni kwamba nimeumia. Mwezi mmoja uliopita ningelitoa somo hili bure, na kikombe cha chai juu yake. Sasa kuna vijana wanaobishana humo darasani hadi wanasimama. Wiki jana yule wa mpira aliuliza kama programu inayopanga foleni ya hospitali inaweza kumuonea mtu asiye na simu. Sikulala vizuri kwa furaha. Sitaki waninyang'anye.

Jumanne, 8 Aprili

Ofisini kwangu maji yanaingia hadi kwenye droo. Nimetunga mtihani wa mwisho hapo hapo maabara, mezani kwangu mbele, wao wakifanya zoezi. Skrini yangu imewapa mgongo, hakuna wa kuniona. Mume wangu kanitumia ujumbe katikati ya swali la tatu: "Inspekta, rudi na nyanya." Nimerudi bila nyanya.

Jumatano, 9 Aprili

Mpole amenifuata kwenye ngazi, anahema. "Mwalimu, samahani, naomba dakika tano. Faragha kidogo."

"Nina haraka," nikasema.

Sikuwa na haraka. Nilikuwa naenda kunywa chai. Lakini mtu anayetaka faragha na mimi wiki hii, wakati somo langu liko roho juu, anataka kunilainisha au kunichimba. Akasimama pale pale ngazini. Nilipofika chini nikatazama juu, alikuwa bado yupo.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilisema mimi! Nilisema!

Nimefungua picha za Jumanne. Zimepangwa ndogo ndogo kama stempu, nikazipitia haraka haraka, nikafika kwenye kompyuta ya Mpole. Mtihani wangu! Kichwa cha mtihani, jina la somo, maagizo, maswali mawili ya kwanza. Uko wazi kwenye skrini yake, siku ile ile nilipoutunga. Ndiyo maana jana alitaka faragha. Labda alitaka kunipima kama nimeshtuka. Labda alitaka kulia kidogo.

Nimemwandikia mkuu wa idara barua pepe saa hiyo hiyo. Nimeandika kwamba nina picha. Sijaeleza picha imetoka wapi, na yeye hajauliza. Amejibu kwa mstari mmoja: kamati ya nidhamu, tarehe 29, uje na ushahidi uliochapwa.

Adhabu ya kuiba mtihani hapa ni moja tu: kufukuzwa. Na binti amebakiza muhula huu. Nimejiambia angefikiria mapema.

Jumanne, 15 Aprili

Mpole hakuandika kitu leo. Mikono mapajani kipindi kizima, anautazama ubao. Barua ya kamati imeshamfikia. Nilitarajia kufurahi.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Ndoo zimekuwa mbili.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekaa muda mrefu kabla ya kushika kalamu. Naandika kwa mpangilio, nisije nikajitetea.

Leo nimekwenda maabara kuchapa ile picha. Hakuna mtu, Jumamosi. Nikaikuza ili maandishi yasomeke na kamati. Kichwa cha mtihani, sawa. Maagizo, sawa. Swali la kwanza, la pili. Halafu kwenye pembe ya juu nikaona kisanduku kidogo, chenye maneno madogo. Nikakuza zaidi.

"Inspekta, rudi na nyanya."

Nilidhani nimechanganya mafaili. Nikafungua upya. Ni kompyuta ya Mpole, na ndani ya skrini ya Mpole kuna skrini yangu. Nzima. Saa yangu pembeni, picha ya harusi yangu chini, ujumbe wa mume wangu juu. Mpole hakuwa amefungua mtihani. Alikuwa amefungua picha ya kompyuta yangu.

Na picha hiyo aliipiga nani? Msaidizi. Niliandika mwenyewe, kwa vidole vyangu: kompyuta zote za chumba. Meza yangu iko chumbani. Wiki zote hizi programu yangu imenipiga picha na mimi pamoja nao, kila dakika, nikiwa natunga mtihani wao, nikiwa nasoma ujumbe wa mume wangu. Na folda? Jamani, folda! Nimeiweka ndani ya ile ya pamoja wanamochukulia mazoezi. Yeyote mwenye kiti humo ndani angeweza kuifungua. Mimi niliyegonga meza!

Basi binti alikwenda kuchukua zoezi, akaona folda ngeni, akaifungua, akajikuta anatazama mtihani. Kesho yake akanifuata ngazini. Alikuwa anakuja kuniambia.

Na kingine, nikiandike nikione kwenye karatasi. Nilishika kipanya, nikachagua folda nzima, kidole kikawa juu ya kufuta. Ningefuta, niiachie kamati picha moja tu ya karatasi, pembe nimeikata. Mpole angesema nini mbele yao? Kwamba kulikuwa na folda? Folda ipi? Nani angemwamini yeye aniache mimi? Nilikaa hivyo mpaka nikasikia mlinzi anafunga milango ya chini. Sikufuta. Lakini pia sikumpigia mtu simu. Nimefunga mlango nimerudi nyumbani kama mtu aliyetoka kuiba.

Jumapili, 27 Aprili

Asubuhi nimeingia jikoni, nimemkuta mama mkwe amesimama na chupa ya sukari, miwani puani, na penseli mkononi. Chini ya mstari wangu amechora wa kwake.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakusaidia kazi, mwanangu. Wako umeshapitwa, nimekuchorea mwingine."

Nilitamani sakafu ipasuke. Nikaanza kusema la daktari, la afya yake, akaninyamazisha kwa mkono.

"Naila sukari, ndiyo. Vijiko viwili kwenye uji, mwanangu wa kiume unayemwita mume akiwa ametoka. Mwezi na zaidi unaipima hii chupa. Siku hata moja hujaniuliza mimi. Mdomo ninao, masikio ninayo, nalala chumba cha pili hapo. Ungeuliza ningekwambia."

"Ungeniambia kweli, Mama?"

Akafikiri. "Ningekudanganya kwanza. Halafu ningekwambia."

Nikacheka, halafu nikalia, nimeegemea jokofu, na yeye maskini akadhani nalia kwa ajili ya vijiko viwili. Akaahidi kupunguza kimoja.

Jumanne, 29 Aprili

Nilifika mapema. Nje ya chumba cha kikao, kwenye benchi, amekaa mama mmoja mtu mzima, sindano imechomekwa kolani, vipande vya uzi kwenye sketi. Fundi cherehani. Akainuka kunisalimia.

"Wewe ni mwalimu hapa? Namtafuta mwalimu wa maadili. Mimi ni shangazi yake yule binti aliyeitwa leo. Nimemlea mimi."

Nikasema, "Ni mimi."

Akanishika mikono yote miwili. Hakuna aliyemwambia mshitaki ni nani. "Ahsante Mungu. Basi wewe utamtetea. Anakusema nyumbani kila siku! Anaandika maneno yako yote, jioni mimi nikishona ananisomea. Mimi shule sikwenda mbali, lakini yale maswali yako manne nayajua. Na ule mzaha wa ndoo tulicheka sana."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nadhani nilisema karibu.

Ndani: mkuu wa idara ndiye mwenyekiti, na mlezi wa wanafunzi, na katibu. Mpole amekaa peke yake upande wa dirisha. Picha yangu iliyochapwa iko mezani, nzima, sikuikata.

"Uliuona mtihani huu kabla ya siku yake?" mwenyekiti akauliza.

"Ndiyo, niliuona."

"Uliupata wapi?"

Mpole akanitazama. Mara ya kwanza nimeona macho yake bila kucheka. Alikuwa na neno moja tu la kusema ili ajiokoe na mimi nimwage unga. Akasema hivi: "Naomba kwanza mwalimu aulizwe, yeye aliionaje skrini yangu."

Akaishia hapo. Wote wakanigeukia. Nikasimama. Nikasema yote: Msaidizi, ukimya wangu, kompyuta zote za chumba, folda, nyanya. Nilisema alinifuata kuniambia nikamdanganya nina haraka. Katibu aliacha kuandika, mlezi wa wanafunzi akamnong'oneza aendelee.

Shitaka limefutwa. Mtihani nitunge upya. Mimi nimepewa onyo la maandishi. Picha nimezifuta mbele yao zote, na mwenyekiti akaniagiza nimkabidhi programu yenyewe aiweke kwenye jalada la ushahidi. Nikampa. Mimi ninayemshuku hata anayenipisha mlangoni, hapo sikushuku kitu. Niliona aibu tu.

Nje shangazi alikuwa anamkumbatia binti na kulia. Nikasubiri. Nikamwambia Mpole, "Nimekukosea. Nisamehe."

"Nimekusikia, Mwalimu," akasema. Hakuongeza, na sikuwa na haki ya kudai zaidi.

Jumanne, 6 Mei

Nimewaeleza darasa zima. Yule wa mpira alifunika uso kwa daftari. Yule wa barua ya kazi akauliza kama niliona makosa, nikamwambia ndiyo, akasema basi ungenisahihishia, na hapo wakacheka kidogo. Wachache hawakucheka, na bado wamekasirika, na wana haki.

Kuhusu insha: nimewauliza, kwa mdomo. Wanne wamekiri. Ningeweza kuuliza Machi.

Mpole akanyoosha mkono. "Picha umezifuta. Programu yenyewe iko wapi?"

"Kwa mkuu wa idara. Kwenye jalada."

"Na nani mwingine anaweza kuifungua?"

Nikasema sijui. Akaandika jibu langu.

Jumatatu, 12 Mei

Mkuu wa idara amenisifu tena. Somo haliondolewi, anasema, litaongezewa saa, na onyo langu "tutalitazama upya". Alikuwa anachekelea kama mtu aliyepata zawadi. Nimerudi ofisini najiuliza ni zawadi gani.

Ijumaa, 16 Mei

Kompyuta ya chumba cha walimu imekuwa nzito leo. Mwalimu wa hesabu ananung'unika, wa takwimu anaipiga kofi. Nikakaa mimi, nikafungua orodha ya programu zinazofanya kazi ndani. Nikaiona katikati ya orodha. Msaidizi. Mkuu wa idara hata jina hakubadilisha.

Nikaifungua sehemu ile inayouliza iangalie kompyuta zipi. Palipokuwa pameandikwa kompyuta zote za chumba, sasa pameandikwa vyumba vyote. Na folda, safari hii, imefungwa vizuri sana. Anayeweza kuifungua ni mmoja.

Nikageuka. Nyuma yangu, kwenye kompyuta ya pili, mwalimu wa takwimu anaandikia mtu ujumbe wa mapenzi, na si mkewe. Nikazima skrini nikatoka. Niende nayo hii kwa nani? Swali la nne nimeliandika mwenyewe ubaoni: akionewa, atamlalamikia nani? Mwenyekiti wa kamati ni yeye.

Nilimkuta Mpole maktaba, amejikunja mbele ya kompyuta, anajisomea kwa ajili ya mtihani wangu mpya. Ameshabadilisha miwani. Nikasimama pembeni kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Samahani," nikasema. "Naomba dakika tano. Faragha kidogo."

Akanitazama juu mpaka chini. Alikuwa na haki ya kusema ana haraka, na nilikuwa nimejiandaa kulisikia. Akaitazama kompyuta iliyo mbele yake, akanitazama tena usoni, nikaona ameelewa.

"Imo humu pia?" akauliza kwa kunong'ona.

"Imo kila mahali."

Akafunga kila kitu, akachukua mkoba wake. "Basi si humu ndani, Mwalimu. Twende nje."

"Mvua inanyesha."

"Naona," akasema, akatangulia mlangoni. Tukatoka, tukasimama katikati ya uwanja, mbali na madirisha yote, tukaanza kuzungumza huku tunalowa.